Mahakama Tatu za Kaunti ya Logan: Ipi Inastahili Safari?

Mtu anayefika Kaunti ya Logan, katikati ya jimbo la Illinois nchini Marekani, akiwa na nia ya kuiona mahakama ya kwanza ya kaunti hiyo, hupata jibu lenye kichekesho ndani yake. Mahali ilipojengwa mahakama pana jengo la mwaka 1953, na jengo lenyewe la mwaka 1840 liko Dearborn, katika jimbo la Michigan, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo. Lipo pia jengo la tatu, la matofali, katika mji mdogo wa Mount Pulaski, ambalo halikuhamishwa wala halikujengwa upya. Nimeyatembelea yote matatu kwa nyakati tofauti, na nimeamua kuyaandikia tathmini moja kwa sababu kila moja linampa mgeni ahadi ileile, kwamba atasimama palipofanyia kazi wakili Abraham Lincoln kabla hajawa rais. Ahadi hiyo inatimizwa kwa viwango visivyolingana hata kidogo.

Historia fupi haina budi kutangulia, la sivyo mgeni atachanganya majina. Kaunti ya Logan ilimegwa kutoka Kaunti ya Sangamon mwaka 1839, wakati Lincoln alipokuwa mjumbe kijana wa bunge la jimbo, nayo ikapewa jina la rafiki yake, daktari John Logan, ambaye pia alikuwa mwanasiasa. Makao makuu yaliwekwa Postville, kijiji ambacho Russell Post alikipimia viwanja mwaka 1835, na mwaka 1840 ikasimamishwa pale mahakama ya mbao. Mwaka 1848 makao makuu yakahamia Mount Pulaski, na mwaka 1855 yakahama tena kwenda kwenye mji mpya uliozaliwa kando ya reli, mji uitwao Lincoln, ambako yapo hadi leo. Postville yenyewe ilikuja kumezwa na mji huo wa Lincoln, hivyo anayeitafuta Postville kwenye ramani kama mji wa peke yake ataitafuta sana.

Katika miaka ile kaunti ndogo haikuwa na jaji mkazi. Jaji alisafiri kwa farasi au kwa gari la kukokotwa kutoka kaunti hadi kaunti, kila majira ya kuchipua na kila majira ya kupukutika, na mawakili walimfuata kama kundi la wafanyabiashara wa mnadani. Logan ilikuwa katika Mzunguko wa Nane wa Mahakama, uliosimamiwa kwanza na Jaji Samuel Treat na kuanzia mwaka 1848 na Jaji David Davis, mtu mnene ambaye baadaye Lincoln alimteua kwenda Mahakama Kuu ya nchi. Walipofika mahali, walilala kwenye nyumba za wageni wawili wawili kitandani, isipokuwa Davis, kwa sababu zinazoeleweka. Kwa hiyo mahakama ya kaunti ilijaa watu siku chache tu kwa mwaka, na siku nyingine zote ilikuwa ofisi ya karani, hati za ardhi na vumbi. Jambo hili linafaa kukumbukwa katika majengo yote matatu, maana ndilo linaloeleza kwa nini ni madogo kiasi kile.

Niliyaanza matembezi yangu Postville, yaani kwenye lile jengo la mwaka 1953, ambalo serikali ya jimbo ililijenga kwa kufuata umbo la mahakama ya kwanza, mji wa Lincoln ulipokuwa ukitimiza miaka 100. Lipo juu ya ardhi ileile ya asili, katika mtaa ambao zamani ulipitiwa na barabara maarufu ya Route 66, na kwa nje linavutia: jengo dogo la mbao zilizopandana, lisilo na nguzo wala kuba, ambalo mpita njia angeweza kulidhani ni nyumba ya mkulima mwenye uwezo wa kadiri. Ni nakala ya heshima. Waliolijenga hawakujaribu kulipamba kuliko lilivyokuwa, na mimi huwapenda watu wenye nidhamu ya namna hiyo. Wenyeji husimulia kwamba siku moja Lincoln aliitwa mahakamani hapo asionekane, na sherifu alipotumwa kumtafuta alimkuta nje akicheza mpira na vijana. Ukweli wa kisa hicho siwezi kuuapia, lakini ukisimama mlangoni na kutazama uwanja ulio mbele, kisa kinakaa vizuri kuliko kinavyokaa kwenye karatasi.

Hata hivyo, nakala ni nakala. Nilipoweka mkono kwenye ukingo wa mbao niliutoa haraka, si kwa sababu palikuwa na kibao cha kukataza, ila kwa sababu nilitambua kwamba sikuwa na haja ya kuugusa. Mbao hii haikuegemewa na mdaiwa yeyote. Inamfundisha mgeni ukubwa wa chumba na umbali kati ya jaji na mshtakiwa, na hilo ni somo kamili, ila halihitaji zaidi ya nusu saa.

Jengo lenyewe la asili lina safari ndefu kuliko watu wengi waliowahi kuhukumiwa ndani yake. Baada ya makao makuu kuhama, liligeuzwa makazi ya watu, na hivyo ndivyo lilivyokuwa Henry Ford, tajiri wa magari, alipolinunua mwaka 1929. Ford alikuwa akiunda kijiji chake cha makumbusho huko Dearborn, kiitwacho Greenfield Village, na alihitaji kitu cha Lincoln kukiweka karibu na maabara ya Thomas Edison aliyokuwa akiisimamisha palepale. Mahakama ikafumuliwa, ikasafirishwa na kuunganishwa upya, ikawa tayari kwa sherehe ya tarehe 21 Oktoba 1929, ambapo Rais Herbert Hoover alikuja kuadhimisha miaka 50 ya taa ya umeme ya Edison. Desemba ya mwaka huohuo, Ford alinunua mnadani, kwa dola 2,400, kile kiti cha bembea ambacho Lincoln alikuwa amekalia alipopigwa risasi mwaka 1865 katika ukumbi wa Ford's Theatre mjini Washington. (Jina la ukumbi huo ni sadfa tu, ukoo ni mwingine kabisa.) Kiti hicho kilikaa ndani ya mahakama hii kwa miongo mingi kabla ya kuhamishiwa kwenye jumba kuu la makumbusho lililo jirani, ambako kiko sasa.

Nilipokuwa Dearborn nilipata huduma ya kiwango cha juu kuliko kote. Njia zimetunzwa, maelezo yameandikwa kwa ufundi, na mgeni anayelipa kiingilio anapata thamani ya fedha zake, kwa kuwa mbali na mahakama ataona nyumba, karakana na mitambo ambayo asingeweza kuiona mahali pamoja popote pengine. Kwa familia yenye watoto nisingesita kuwaelekeza huko. Ila kama kinachokuleta ni historia ya mahakama, utaondoka na kiu. Mbao ni zilezile zilizomsikia Lincoln akizungumza, lakini zimetenganishwa na kila kitu kilichokuwa kikizipa maana: hakuna nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, hakuna mashamba waliyogombania wadai, hakuna barabara ya kwenda Springfield, mji mkuu wa Illinois. Ukitoka mlangoni unakutana na reli ya treni ya mvuke na jengo lililotoka jimbo jingine. Niliiona mahakama kama mzee aliyehamishwa kijijini kwake akapewa chumba kizuri katika mji asiomjua mtu.

Basi Ford alichukua mbao akaacha ardhi, na serikali ya Illinois ikabaki na ardhi ikatengeneza mbao nyingine. Mount Pulaski ndipo peke yake katika kaunti hii ambapo hivyo viwili vingali pamoja, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Mount Pulaski uko umbali wa mwendo mfupi wa gari kusini mashariki mwa mji wa Lincoln, juu ya kilima kinachoonekana kutoka mbali kwa sababu nchi yote inayouzunguka ni tambarare ya mahindi na soya. Jina lake ni la jenerali Casimir Pulaski, Mpolandi aliyefia katika vita vya uhuru wa Marekani mwaka 1779. Mahakama iko katikati ya uwanja wa mji, na maduka yameizunguka pande zote nne yakiitazama, kana kwamba mji mzima bado unasubiri hukumu itangazwe. Ni jengo la matofali la ghorofa mbili, katika mtindo wa kuiga mahekalu ya Kigiriki uliopendwa sana Marekani wakati ule, ingawa hapa uigaji umefanywa na mafundi wa mashambani wenye bajeti finyu: mistari imenyooka, madirisha yamepangwa kwa ulinganifu, mapambo ni haba. Liligharimu takriban dola 3,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilichangwa na wakazi wenyewe, ambao walijua kwamba anayejenga mahakama ndiye anayepata makao makuu.

Ghorofa ya chini ina vyumba vya ofisi vilivyopangwa kandokando ya ukumbi mwembamba. Wageni wengi hupita hapo upesi wakikimbilia juu, na wanakosea. Hapa ndipo kaunti ilipoishi kila siku. Mtu aliyeuza shamba, aliyefunga ndoa au aliyedaiwa kodi alikuja kwenye mojawapo ya milango hii, na sehemu kubwa ya kazi ya Lincoln mwenyewe kama wakili ilikuwa ya madeni, si ya mauaji wala ya mambo ya kitaifa. Nilisimama kwa muda katika chumba cha karani nikitazama meza ya kuandikia yenye mteremko na vishubaka vya kupangia karatasi, nikafikiria ni ndoa ngapi na ni kesi ngapi za ng'ombe aliyevuka uzio zilipita mikononi mwa mtu mmoja mwenye wino.

Ngazi inayopanda juu ni ya mbao, na inalalamika kila unapokanyaga, kiasi kwamba shahidi aliyechelewa hangeweza kuingia kwa siri. Chumba cha mahakama kinashangaza kwa ufinyu wake. Meza ya jaji imeinuliwa kidogo tu, meza za mawakili ziko karibu sana na viti vya wazee wa juri, na ukingo wa mbao unaowatenga watazamaji unafika kiunoni. Mtu aliyekaa benchi la nyuma angeweza kusikia mwanzo hadi mwisho bila wakili kupaza sauti. Mwanga unaingia kutoka pande zote kupitia madirisha marefu yenye vioo vidogo vidogo, na saa za mchana, jua likiinama, unaziona alama za sakafu zilizochimbika kuelekea mlangoni. Samani ni za zama zile, zilizokusanywa wakati wa ukarabati, na mwongoza wageni aliyenipokea alilisema hilo waziwazi bila kuulizwa. Nilimheshimu kwa hilo. Ni rahisi mno kumwambia mgeni kwamba kila kiti kilikaliwa na Lincoln.

Kesi inayosimuliwa zaidi katika chumba hiki inahusu susu. Wanunuzi wa haki ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, walikuwa wakigombana na wauzaji kuhusu susu la mtoto lililojibembeza lenyewe kwa mtambo wa saa: unalivuta kamani, unalala, linaendelea kubembea. Lincoln alileta mfano wake mahakamani, akautia ufunguo mbele ya Jaji Davis na kuuacha ubembee. Jaji akauliza unasimamishwaje. Lincoln, kwa mujibu wa masimulizi, alijibu kwamba mtambo huo unafanana na baadhi ya wasemaji wanaojulikana kwao wote wawili, ambao wakishaanza hawajui pa kukomea. Nilikisoma kisa hiki mara kadhaa kabla ya safari bila kucheka. Nilicheka nilipokuwa chumbani mle, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona kwamba jaji na wakili hawakutenganishwa na zaidi ya hatua chache, na kwamba susu hilo lingebembea karibu kabisa na miguu ya juri, watu wazima wenye mashamba yanayowasubiri, wakilitazama kwa ukimya.

Nina neno moja la kulalamikia, nalo linahusu desturi ya vivutio vya Lincoln kwa jumla kuliko jengo hili mahususi. Kila kitu kinasimuliwa kupitia mtu mmoja mrefu, na wengine wote wanakuwa kivuli chake. Katika miaka ambayo chumba hiki kilikuwa kikitumika, sheria za Illinois zilizoitwa Sheria za Weusi hazikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, na mwaka 1853 jimbo lilipitisha sheria ya kuwazuia watu weusi huru kuhamia na kuishi humo. Vikwazo hivyo vilifutwa mwaka 1865 tu. Nilikaa kwenye kiti cha shahidi, kwa ruhusa, na nilijua kwamba Mwafrika kama mimi asingeketishwa hapo dhidi ya jirani mzungu aliyemdhulumu, hata kama wakili wake angekuwa Lincoln mwenyewe. Lincoln huyohuyo ndiye aliyeshinda, mwaka 1841, kesi ya Bailey dhidi ya Cromwell mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo, iliyomhakikishia uhuru mwanamke mweusi aliyeitwa Nance kutoka kaunti jirani ya Tazewell. Mambo hayo mawili yakielezwa pamoja palepale kwenye kiti, chumba kingesema zaidi ya mara dufu. Nilitaja jambo hilo kwa mwongoza wageni, na tukazungumza kwa muda mrefu kuliko ziara yenyewe.

Sababu ya jengo hili kubaki inaeleweka vizuri zaidi ukiuona kwanza mji uliolinyang'anya hadhi. Reli ilipopita kilomita kadhaa kaskazini magharibi mwa Mount Pulaski, wawekezaji walipima mji mpya kando yake na kuupa jina la wakili aliyewaandalia hati, miaka 7 kabla hajachaguliwa kuwa rais. Siku ya kuuza viwanja, tarehe 27 Agosti 1853, inasemekana Lincoln aliubatiza mji kwa maji ya tikitimaji, baada ya kuwatahadharisha kwamba hajawahi kuona kitu chenye jina lake kikifanikiwa. Miaka miwili baadaye makao makuu yalikuwa yamehamia huko. Mahakama ya kwanza ya mji wa Lincoln iliungua mwaka 1857, iliyofuata ikabomolewa ili kupisha kubwa zaidi, na iliyopo sasa, yenye kuba, ilijengwa kati ya mwaka 1903 na 1905 na bado inaendesha kesi. Ni jengo zuri na ningependa kila apitaye atupie jicho kuba lake, lakini halina ubao hata mmoja wa enzi za mzunguko. Mji ulioshinda ulikuwa na fedha za kubomoa. Mount Pulaski ulioshindwa haukuwa nazo, kwa hiyo jengo lilipewa kazi yoyote iliyopatikana: likawa shule, kisha ofisi za mji, jela na posta, hadi lilipokabidhiwa kwa serikali ya jimbo mwaka 1936 na ndani yake kurejeshwa kama mahakama. Katika mahakama zote za Mzunguko wa Nane zilizotumiwa na Lincoln, ni hii na ile ya Metamora katika Kaunti ya Woodford tu zilizobaki mahali zilipojengwa.

Kama nafasi yako ni ya siku moja, anza asubuhi Postville ili macho yazoee udogo, pita katikati ya mji wa Lincoln uione mahakama yenye kuba, kisha uwe Mount Pulaski baada ya adhuhuri, mwanga unapokuwa upande wa chumba cha juu. Dearborn iachie safari nyingine yenye sababu zake. Vivutio vidogo vya aina hii havifunguliwi kila siku ya juma, hivyo piga simu kabla ya kuondoka, na ukiweza chagua siku isiyo ya mapumziko. Siku niliyokwenda tulikuwa wageni wawili tu, na mwenzangu alikuwa mkulima wa jirani aliyekuja kutafuta kama jina la babu wa babu yake lilikuwa kwenye orodha ya juri.